Joshua Johnson wa Baltimore: kwa nini familia alizochora zina sura moja na kochi moja?

#1 Turubai Kavu

Wakuu, salamu. Hili jambo kila mahali naona linapitwa juu juu, naomba tulichimbe.

Joshua Johnson alichora picha za sura Baltimore, Maryland, tangu miaka ya 1790 hadi 1824 hivi. Mtu huru, chotara kwa lugha ya hati za wakati ule, na hakupita kwa mwalimu. Tarehe 19 Desemba 1798 alitangaza kazi yake katika gazeti la mji, akajiita kipaji kilichojifundisha chenyewe, akasema ujuzi wake umetokana na maumbile na bidii, na kwamba amekumbana na vikwazo vingi katika kujifunza.

Sasa chukua picha ya Watoto wa Westwood, ya mnamo 1807, iliyoko Jumba la Taifa la Sanaa, Washington. Sentimita 104.5 kwa 117. Wavulana watatu, baba yao alikuwa fundi wa magari ya farasi. Suti za kijani, kola nyeupe za marinda, na mbwa mwenye ndege mdomoni. Ziba nguo na vimo vyao kwa kiganja, acha nyuso peke yake. Huyu ni nani na yule ni nani? Huwezi kusema. Hamia kwenye familia ya McCormick (1804-05), kisha Mama Everette na wanawe watano (1818). Kila mtu amegeuka robo tatu, midomo imebanwa, kope zimezungushiwa mstari, na kochi limepangwa misumari ya shaba kama shanga.

Watu husema: ndiyo hivyo, hakusoma, hakuweza zaidi. Mimi sikubali. Naona ni kanuni aliyoitunga akijua anachofanya. Pingeni.

#2 Kengewa

Hapa hakuna fumbo kubwa mkuu. Johnson alikuwa mtumwa nyumbani kwa ukoo wa Peale, wachoraji wakubwa wa nchi ile. Aliwatazama wakifanya kazi, akaiga alichokiona. Mtu anayeiga kwa jicho la pembeni hushika umbo la nje, na uhai wa sura humponyoka. Weka picha zake karibu na za Charles Peale Polk, mpwa wa Charles Willson Peale, utaona mkao uleule.

#3 Bi Nyaraka

Kengewa, hilo la utumwa kwa Peale ni masimulizi ya zamani na hati zimelipita. Katikati ya miaka ya 1990 zilionekana hati mbili katika makusanyo ya Jumuiya ya Historia ya Maryland.

Ya kwanza ni hati ya mauzo: tarehe 6 Oktoba 1764 mzungu aitwaye George Johnson alimnunua mtoto Joshua kwa William Wheeler mkubwa, pauni 25. Ya pili ni hati ya uhuru ya Julai 1782. Humo George Johnson anakiri kwamba Joshua ni mwanawe wa kumzaa, na anaahidi kumwacha huru akimaliza uanagenzi kwa mhunzi William Forepaugh au akifika miaka 21, lolote litakalotangulia. Mama yake alikuwa mtumwa wa Wheeler, na jina lake halikuandikwa.

Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ni 1763 hivi, na kazi aliyowekwa kujifunza ni ya kufua chuma. Peale hayumo hata kwenye pembe ya karatasi.

#4 Kengewa

Shukrani Bi Nyaraka, nimekubali kuhusu utumwa. Lakini kufanana na Polk hakufutwi na hati ya mauzo. Polk alikuwa akifanya kazi Baltimore mwanzoni mwa miaka ya 1790, na Johnson anaonekana kwenye kitabu cha anwani cha mji kuanzia 1796. Mji wenyewe ulikuwa na watu 13,503 mwaka 1790 na 26,514 mwaka 1800. Kwenye mji wa kadiri hiyo, wachoraji wawili wa sura wasikutane kweli? Huenda alimsagia rangi, huenda alimtengenezea viunzi. Hilo naliacha wazi.

#5 Fundi Kiunzi

Mnaanzia kwa nani alimfundisha nani. Mimi naanzia kwenye rangi yenyewe.

Rangi ya Johnson ni nyembamba sana. Mahali pengi uso umejengwa kwa tabaka mbili au tatu tu juu ya tabaka la msingi. Mchoraji aliyefunzwa kwenye karakana za Ulaya huanza na kivuli cha kahawia, anapandisha mwili kwa rangi nzito ya risasi nyeupe (nyeupe itokanayo na madini ya risasi), anasubiri ikauke, kisha anarudi na tabaka angavu za kuleta damu kwenye shavu. Hapo mteja amekaa mara tano, sita, kumi. Mtoto wa miaka minne hakai mara kumi. Hakai hata mara mbili bila kulia.

Ukiwa na watoto watano na mama yao kwenye turubai moja, unahitaji njia fupi. Njia fupi ni kuwa na uso mmoja unaoujua kwa mkono: umbo la yai, mstari wa kope, pua inayoshuka kutoka nyusi moja, mdomo wa mstari uliopindika kidogo. Juu yake unaweka kile kinachomtofautisha kila mtoto: rangi ya nywele, ya macho, kimo, na tunda au ua mkononi. Hapo namuunga Turubai Kavu, ni kanuni. Lakini kanuni imeletwa na muda.

#6 Sega la Nta

Nyongeza kwa Fundi Kiunzi. Wachoraji wa namna hii walikuwa wakichora miili bila vichwa msimu wa baridi, nguo na viti vikiwa tayari, kisha kiangazi wanazunguka na turubai zao na kujaza vichwa vya wateja. Ndiyo maana miili inafanana na kichwa kinaonekana kama kimepachikwa.

#7 Bi Nyaraka

Sega la Nta, hadithi hiyo ni tamu na imeandikwa mara nyingi, ila ina shimo moja. Kama ingekuwa desturi, tungekuta angalau turubai chache zenye mwili bila kichwa zilizobaki kwenye dari za nyumba. Hazijapatikana. Tena nguo, shanga na samani za kwenye picha mara nyingi zilikuwa mali ya familia yenyewe, na mteja alitaka vyake vionekane.

Halafu Johnson hakuwa wa kuzunguka mashambani. Alihamahama, ndiyo, anwani yake inabadilika karibu kila kitabu kinapotoka, lakini ndani ya Baltimore humohumo.

#8 Sega la Nta

Nimeelewa, naiondoa hoja hiyo.

#9 Mzee Kaskazi

Fundi anasema muda. Mimi nasema bei, na bei si kitu kimoja na muda.

Mtazameni William Matthew Prior, aliyezaliwa 1806 na kufa 1873, mchoraji wa Maine na Massachusetts. Huyu aliandika waziwazi. Mwaka 1831 alitangaza kwamba anayetaka picha bapa, isiyo na kivuli, ataipata kwa robo ya bei. Baadaye alikuwa na karatasi aliyobandika nyuma ya kazi: picha za mtindo huu humalizika kwa saa moja ya kukaa, bei dola 2.92 pamoja na fremu na kioo. Na Prior huyohuyo, mteja akilipa, alichora kwa kivuli na mviringo kamili. Aliuweza mtindo wa kisomi, aliuuza ghali.

Sasa tukiona uso bapa wa Johnson, kwa nini tuseme hakuweza? Huenda mteja alinunua kiasi hicho.

#10 Turubai Kavu

Mzee Kaskazi, hoja nzuri lakini inanipa shida. Prior ana picha za aina zote mbili, bapa na za mviringo, tunaweza kuzilinganisha. Za Johnson zinazokubalika ni zaidi ya 80. Ziko wapi zile za bei ya juu, zenye kivuli kamili? Akina McCormick na Everette walikuwa watu wa biashara, fedha walikuwa nayo. Kama alikuwa na mtindo wa ghali, hao ndio wangeununua.

#11 Mzee Kaskazi

Hapo umenibana. Lakini tazama fedha yao ilikwenda wapi: ukubwa wa turubai na idadi ya watu. Uingereza na Marekani wakati ule bei ilifuata kipimo. Kipimo cha kawaida cha kichwa na mabega kilikuwa inchi 30 kwa 25, yaani kama sentimita 76 kwa 63. Kutoka hapo unapanda hadi inchi 50 kwa 40. Familia nzima kwenye turubai moja ilikuwa ni kujionyesha tosha, hata bila kivuli.

#12 Shaba ya Kale

Wote mmekwepa kochi.

Kwanza nimrekebishe mwenye uzi: kwenye Watoto wa Westwood hakuna kochi, wale wamesimama. Kochi lipo kwenye picha nyingine nyingi, tena misumari yake ni mingi kiasi kwamba wapo waliompa jina la mchoraji wa misumari ya shaba. Hapa kuna maelezo matatu, na sijaona hata moja linaloyashinda mengine.

La kwanza, kochi lilikuwa lake, chombo cha karakana, kila mteja alikalishwa hapohapo. Tatizo: makochi hayafanani yote, migongo na mikono inatofautiana.

La pili, ni samani za wateja. Baltimore ilisifika kwa samani za kupakwa rangi. John na Hugh Finlay walizitengeneza humohumo mjini miaka hiyohiyo. Tatizo: kwa nini misumari inapewa umuhimu ule kila nyumba?

La tatu, Johnson alipitia kazi ya kupaka viti na samani, kazi iliyokuwa tele Baltimore. Mtu wa kazi hiyo mkono wake umezoea kurudia kitone kimoja mara mia kwa nafasi sawa. Mtazame anavyopanga misumari, kisha mtazame anavyopanga watoto: kwa safu, kwa nafasi sawa, kichwa kwa kichwa. Ni jicho lilelile.

#13 Kengewa

Shaba ya Kale, umesahau la nne na Bi Nyaraka alikupa mkononi pale #3. Uanagenzi kwa mhunzi! Mtoto aliyekulia mbele ya tanuru, msumari kwake si pambo. Anajua kichwa cha msumari kinavyoshika mwanga.

#14 Shaba ya Kale

Kengewa, asubuhi ulikuwa wa Peale, jioni umekuwa wa Forepaugh, karibu sana. Ila mhunzi hufua chuma. Misumari ya kochi ni ya shaba, kichwa chake ni kuba, na ni kazi ya fundi wa makochi. Naipokea kama dhana, siipandishi kuwa ushahidi.

#15 Mwana Rangi

Samahani wataalamu, turubai zenyewe zilikuwa kitambaa gani? Ni ile merikani yetu?

#16 Fundi Kiunzi

Hapana. Wakati wa Johnson turubai ni kitani, mfumo wa kawaida wa uzi juu na uzi chini. Merikani ni pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya New England, na iliingia Zanzibar kwa wingi kuanzia miaka ya 1830, baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833. Hapo Johnson ameshapotea kwenye vitabu vya anwani kama miaka tisa.

Kitu cha pwani yetu kinachoweza kweli kuwa juu ya picha za Marekani ni sandarusi, utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi.

#17 Mwana Rangi

Sandarusi ile ya kuchimbwa ardhini?

#18 Fundi Kiunzi

Hiyohiyo. Ilichimbwa Mrima, ikakusanywa Zanzibar, meli za Salem, Massachusetts, zikaipakia. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha kabla haijauzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Ilithaminiwa kwa ugumu wake, hasa kwa magari ya farasi na samani. Kwa picha ya 1807 haiwezi kuwa vanishi ya kwanza kwa njia hiyo ya Salem. Lakini picha hizi zilipakwa vanishi upya mara nyingi katika karne ya 19, na wamiliki wengi walimpa kazi hiyo fundi yeyote wa samani aliyekuwa karibu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Vanishi ya mastiki (utomvu laini wa mti) iliyoyeyushwa kwenye tapentaini, hata ikizeeka na kuwa njano, inatoka kwa spiriti iliyopunguzwa nguvu. Vanishi ya sandarusi haiko hivyo. Ili iyeyuke lazima kwanza ichemshwe kwa joto linalopita nyuzi 300, ndipo ichanganywe na mafuta ya mbegu za kitani. Ikikauka imekuwa kitu kimoja na mafuta. Kiyeyushi chenye nguvu ya kuitoa kina nguvu ya kutoa na rangi ya chini yake. Sasa kumbukeni nilivyosema #5, rangi ya Johnson ni nyembamba. Msafishaji mwenye haraka anasugua shavu, vanishi inatoka, na ile tabaka ya mwisho ya wekundu inatoka nayo. Kinachobaki ni uso mweupe, bapa, wenye mistari.

Na hili ni jibu jingine kwa swali la uzi. Sehemu ya ubapa tunaoujadili inaweza kuwa si ya Johnson. Ni ya pamba na spiriti ya mtu wa 1930.

#19 Turubai Kavu

Hili sikulifikiria kabisa. Unatofautishaje uso uliochorwa bapa na uso uliosuguliwa ukawa bapa?

#20 Fundi Kiunzi

Kwa mpangilio huu, na usiruke hatua.

Anza na mwanga wa pembeni, taa imelala karibu sambamba na turubai. Uso uliosuguliwa, vilele vya nyuzi za kitani vimevuliwa rangi na rangi imebaki kwenye mabonde tu. Utaona vitone vya rangi ya msingi vimepangika kama kitambaa. Uso uliochorwa mwembamba, rangi imepita juu ya vilele na mabonde vilevile.

Kisha giza na taa ya urujuanimno. Vanishi ya kale ya utomvu hung'aa kijani hafifu. Palipopakwa upya baadaye huonekana madoa meusi. Ukiona shavu zima ni doa jeusi, unamtazama mkarabati, humtazami Johnson.

Kisha hadubini, mara 10 hadi 40, kwenye mpaka wa shavu na kola. Tafuta mabaki ya wekundu kwenye vibonde. Yakiwepo, ujue palikuwa na tabaka iliyoondoka.

Mwisho eksirei. Rangi nyeupe ya risasi huzuia miale, kwa hiyo unaona mwili ulivyojengwa. Uso ukijengwa kwa mviringo utaonekana kwenye filamu hata kama juu umeliwa. Uso uliochorwa bapa unabaki bapa hata kwenye filamu.

Kiyeyushi hakiguswi kabla ya hatua hizi nne. Kikiguswa, ni kijiti chenye pamba ndogo, mahali pa milimita tano, ukingoni unapofunikwa na fremu, na unaanza na mate au maji yaliyotoneshwa kabla ya spiriti.

#21 Sega la Nta

Kuna jambo jingine linalobadili sura: kubandikwa turubai mpya nyuma. Kwa miaka mingi ilifanywa kwa nta na utomvu, kisha pasi ya moto. Pasi ikizidi joto, ule mwinuko mdogo wa brashi unalala, na nta inapanda mbele na kutia giza tabaka la msingi. Picha nyingi za wakati huu zimepita humo.

#22 Mwana Rangi

Na mtu akitaka kujaribu mtindo huu kwa mkono wake ili auelewe, aanzeje?

#23 Shaba ya Kale

Kwa mazoezi, hivi:

Kitani kisichopaushwa, kivute kwenye kiunzi, misumari kila sentimita 5, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembe. Gundi ya ngozi gramu 70 kwa lita moja ya maji. Iloweke usiku kucha, asubuhi ipashe moto hadi nyuzi 60, isichemke, maana ikichemka inapoteza mshiko. Paka mkono mmoja, mwembamba, acha siku nzima.

Msingi wa zama zile ni risasi nyeupe na chaki ndani ya mafuta ya mbegu za kitani, mara nyingi imetiwa weusi kidogo iwe kijivu. Risasi ni sumu, hasa ikiwa unga, hivyo kwa mazoezi tumia rangi ya mafuta ya titani na chaki. Mikono miwili, na kati ya mkono na mkono usipungukiwe wiki moja. Uikwangue kwa jiwe la povu ikikauka.

Rangi chache tu: nyeupe, zinjifuri (nyekundu), udongo wa manjano, udongo wa kahawia, weusi wa mifupa, na bluu ya Prussia. Kijani cha suti za watoto unakipata kwa bluu ya Prussia na manjano. Weka kahawia kwanza, maana inakauka upesi. Weusi wa mifupa unakauka polepole sana. Ukiweka kitu kinachokauka upesi juu ya weusi usiokauka, tabaka la juu linapasuka kama tope la mto kiangazini. Utaona nyufa hizo kwenye makoti meusi ya wanaume wa wakati ule.

Misumari ya kochi ni ya mwisho. Piga mstari mwepesi kwa penseli, gawanya kwa bikari ili nafasi zilingane. Kila msumari miguso mitatu: kitone cha kahawia, ndani yake kitone kidogo cha manjano, na juu upande mwanga unakotoka, ncha ya nyeupe. Fanya kahawia zote safu nzima, kisha manjano zote, kisha nyeupe zote. Ukimaliza msumari mmoja mmoja, mkono unabadilika na safu inayumba.

#24 Bi Nyaraka

Nikazie hapo kwenye rangi, maana ndipo bandia hukamatwa. Manjano ya kromi haikuwa sokoni wakati wa Westwood, inaanza kuonekana katika miaka ya 1810 inayoelekea mwisho. Nyeupe ya titani ni ya baada ya 1916. Na rangi za kwenye neli ya bati ni uvumbuzi wa John Goffe Rand, 1841. Kabla ya hapo rangi iliyosagwa ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe kilichofungwa uzi.

#25 Kengewa

Bi Nyaraka umetaja bandia. Picha hizi 80 zimejulikanaje kuwa zake? Si alikuwa anasaini?

#26 Bi Nyaraka

Hakuwa na desturi ya kusaini. Iliyosainiwa ni moja tu, ya Sarah Ogden Gustin, ya mnamo 1805. Aliyeanza kuzikusanya ni J. Hall Pleasants, mtafiti wa nasaba za Baltimore, 1939, na alianza na 13. Ushahidi mzito zaidi ni wasia wa Mama Everette wa 1831: anamrithisha binti yake picha kubwa ya yeye na watoto watano iliyochorwa na J. Johnson mwaka 1818. Picha ipo, wasia upo, jina lipo. Nyingine zote zinaning'inia kwenye hizo mbili kwa kufanana.

#27 Mzee Kaskazi

Basi hapo tuna mzunguko. Picha inaitwa ya Johnson kwa sababu uso unafanana na nyuso za Johnson, kisha sisi tunashangaa nyuso zote za Johnson zinafanana! Kama aliwahi kuchora uso tofauti, wenye kivuli, sisi hatuwezi kuitambua kuwa yake. Itakuwa imetundikwa mahali kwa jina la mchoraji asiyejulikana. Turubai Kavu, uliniuliza #10 ziko wapi za bei ya juu. Jibu linaweza kuwa hilo.

Yaliyompata Ammi Phillips, mchoraji mwingine wa sura wa Marekani, ni kinyume chake. Mtindo wake ulibadilika kiasi kwamba wataalamu walimhesabu kuwa wachoraji wawili tofauti, hadi Barbara na Lawrence Holdridge walipoonyesha ni mtu mmoja.

#28 Turubai Kavu

Mzee umenikamata vizuri. Hoja ya mzunguko siwezi kuivunja.

#29 Sega la Nta

Kabla hamjafunga, zipo zile picha mbili za wanaume weusi, moja chuo cha Bowdoin, Maine, nyingine Bath, Uingereza. Wanaofuatilia hudhani moja ni ya Abner Coker, mtu wa kanisa la Methodisti la Waafrika. Wamevaa koti na shingo nyeupe, wamegeuka robo tatu, mdomo umebanwa, utulivu uleule wa wafanyabiashara. Wakati ambao weusi walichorwa kama watumishi pembezoni mwa familia za watu, hawa wamepewa katikati ya turubai na kanuni ileile, bila kupunguzwa chochote. Mimi ndipo ninapoipenda kanuni hiyo.

#30 Bi Nyaraka

Na kitabu cha anwani cha 1816 kinamweka Johnson mwenyewe kwenye orodha ya wenye nyumba huru wa rangi. Alijua alikuwa anamchora nani.

#31 Shaba ya Kale

Sega la Nta, ila kwenye hizo mbili nyuso zina mtu ndani yake zaidi ya watoto wa Westwood. Taya zinatofautiana. Kama kanuni ilikuwa ya bei au ya muda, mbona hapo imelegea?

#32 Fundi Kiunzi

Kwa sababu mtu mzima anakaa kimya. Narudi palepale, #5.

#33 Mzee Kaskazi

Au kwa sababu hazikusuguliwa. Narudi #18, kwako mwenyewe.

#34 Mwana Rangi

Swali dogo nje ya mada. Kwenye picha hizi mtoto mdogo wa gauni jeupe, unajuaje ni wa kiume au wa kike?

#35 Bi Nyaraka

Gauni halikuambii kitu. Wavulana walivaa gauni mpaka umri wa miaka minne hadi saba, ndipo wakavalishwa suruali. Mkufu wa marijani nao waliuvaa wote, ingawa zaidi wasichana. Tazama alichoshika: mjeledi, nyundo au farasi wa mbao ni mvulana, mwanasesere ni msichana. Akiwa ameshika tunda, kama Johnson anavyopenda, huna uhakika mpaka uone rejista ya ubatizo. Wapo watoto waliobadilishiwa jina kwenye kibao cha makumbusho baada ya rejista kusomwa.

#36 Turubai Kavu

Fundi Kiunzi, ile eksirei ya #20. Tukiweka filamu ya mtoto mmoja wa Everette kando ya filamu ya huyo bwana wa Bowdoin, tunatazama nini hasa?

#37 Fundi Kiunzi

Tundu la jicho na upande wa pua usio na mwanga. Nyeupe ya risasi ikikoma ghafla kwa mstari, alichora kwa kanuni. Ikififia polepole, alikuwa anamtazama mtu. Na upime umbali wa mboni hadi mboni ukilinganisha na urefu wa pua, kwa watoto wote watano. Uwiano ukirudi uleule mara tano, weka namba hapa tuzione.